Kiingereza changu kilivyomponza jirani

NILIDHANI nimefanya kazi nzuri. Jirani yangu hapa Buyenzi, jijini Bujumbura, mama anayeuza sabuni kwa jumla, alikuwa amelipia katoni 100 kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Zikafika 40. Akaniomba nimwandikie barua ya kukumbusha, tena kwa Kiingereza, "maana wewe mwalimu umesoma."

Nikaandika: "We remind you of the 60 cartons delivered to Bujumbura." Nilikusudia katoni 60 zitakazoletwa. Jibu halikuchelewa: wamefurahi kusikia 60 nazo zimefika, hesabu imefungwa.

Mama wa watu alikaa barazani ameshika kichwa. Barua ilikuwa na sahihi yake.

Kosa langu lilikuwa dogo kwa macho. "Delivered" ikikaa peke yake nyuma ya jina, mzigo umekwisha kufika. Ukiwa bado, ni "to be delivered". Ukiwa njiani, "being delivered".

Kwa nini niliteleza? Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tumezoea "à livrer", kitenzi kisicho na alama yoyote ya kutendwa. Nilijua "cartons to deliver" ingeleta utata, kana kwamba mama ndiye anayesubiriwa apeleke. Nikakimbilia "delivered", nikiamini ile "ed" inatosha kuonyesha kutendwa. Kutendwa ilionyesha kweli, ila na kumalizika pia!

Ajabu ni kwamba Kirundi na Kiswahili vingeniokoa. Vyote hupachika "w": kwandika, kwandikwa; kuandika, kuandikwa. Ningejiuliza tu: ni mzigo uliofikishwa, au wa kufikishwa?

Waingereza nao si wasafi. Huandika "house to let" bila "be" yoyote, na hakuna anayedhani nyumba ndiyo inayopangisha. Ni kama sisi na maji ya kunywa; nani husema ya kunywewa?

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na hasa baada ya sheria ya mwaka 2014 kukifanya Kiingereza lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, barua za namna hii zimeongezeka mitaani. Waandishi wake wengi ni watu kama mimi.

Niliandika ya pili: "60 cartons are still to be delivered." Muuzaji akakagua daftari la ghala, akaomba radhi, mzigo ukapitia Kigoma hadi bandari ya Bujumbura. Wiki tano zilikuwa zimepita na wateja wa mama walikwisha kuhamia duka la pili.

Akihesabu katoni zake aliniuliza, "Mwalimu, yule bwana ni Mtanzania. Kwa nini hatukumwandikia Kiswahili?"

Nikashika katoni moja, nikamsaidia kuingiza ndani.