Fram: meli iliyoundwa ili ibanwe na barafu

Habari ya meli ya Fram inaanzia kwenye suruali. Mwaka 1884, kusini magharibi mwa Greenland, watu waliokota juu ya barafu vitu vya mabaharia wa Jeannette, meli ya Kimarekani, ikiwemo suruali ya mvua yenye jina la mwenyewe. Ajabu ni kwamba Jeannette ilikuwa imepondwa na barafu Juni 1881 huko kaskazini mwa Siberia, upande wa pili kabisa wa Bahari ya Aktiki. Suruali haiogelei. Kijana mmoja wa Norway, Fridtjof Nansen, akapiga hesabu yake: kama mkondo umeibeba suruali kuvuka bahari hiyo, utabeba na meli, na huenda ukaipitisha karibu na Ncha ya Kaskazini. Kinachotakiwa ni chombo kisichopondeka.

Wakongwe wa safari za barafuni walimwona anajitafutia kifo. Mmarekani Adolphus Greely, aliyepoteza wenzake wengi huko huko kaskazini, aliupinga mpango huo hadharani. Serikali ya Norway hata hivyo ilitoa fedha, na Nansen akaenda Larvik kwa Colin Archer, muunda vyombo mwenye asili ya Uskoti, akamuundia Fram. Kwa maoni yangu, mwenye makumbusho ya Fram kwa haki ni Archer, ingawa picha kubwa ukutani ni za wengine.

Makumbusho yenyewe yako Bygdøy, Oslo. Majira ya joto unapanda boti nyuma ya Ukumbi wa Jiji na baada ya muda mfupi umefika. Jengo lake limechongoka kama paa la makuti lililoshushwa chini bila kuta. Lilifunguliwa mwaka 1936, na kwa kweli ni nyumba iliyojengwa kuifunika meli: Fram ilivutwa nchi kavu mwaka 1935, baada ya kuachwa miaka mingi ikioza na hatimaye kukarabatiwa. Ukiingia, omo iko juu ya kichwa chako.

Simama hapo chini kwanza kabla ya kupanda ngazi. Chombo kina urefu wa mita 39 na upana wa mita 11. Ni kifupi na kimenenepa. Tumbo lake ni la duara, na mkuku hauchomozi sana. Barafu inapobana ubavu wa namna hiyo haipati pa kushika, inateleza kwenda chini, na chombo kinainuka juu. Mbavu ni za mbao za mwaloni uliokaushwa miaka mingi, juu yake kuna tabaka baada ya tabaka za ubao, na la nje kabisa ni la mti mgumu kutoka Amerika Kusini. Tabaka hilo lilipigiliwa kwa namna ambayo barafu ikilikwangua ling'oke peke yake, meli ibaki salama. Unene wa ubavu wote unazidi sentimita 60. Wa omo unapita mita moja. Nenda na kwenye shetri uone tundu ambamo usukani na propela vilipandishwa juu visije vikavunjwa. Umbo hilo lilikuwa na gharama yake: katika bahari wazi Fram iliyumba vibaya mno, na hata mabaharia wazoefu walitapika.

Watalii wanaruhusiwa kupanda sitahani na kushuka mpaka ngamani. Vyumba vya kulala ni vidogo, vimezunguka sebule moja ya kulia chakula, na kuta zake zimejazwa manyoya ya kulungu wa nchi za baridi na magome yale yanayotengenezewa vizibo ili baridi isipenye. Kinu cha upepo kilichofungwa sitahani kilizalisha umeme wa taa. Watu 13 waliishi humo kuanzia mwaka 1893. Septemba meli ikagandishwa, ikawa inakwenda barafu inakokwenda. Nansen aliona mwendo haumfikishi nchani. Machi 1895 akatoka na Hjalmar Johansen, kwa mbwa na skii, wakafika nyuzi 86 na dakika 14 Kaskazini, mbali kuliko binadamu yeyote kabla yao. Walipitisha majira ya baridi kwenye kibanda cha mawe wakila dubu weupe. Huku nyuma nahodha Otto Sverdrup aliitunza meli hadi Agosti 1896, barafu ilipoiachia. Watu wote 13 walirudi nyumbani hai.

Wageni wengi, hata hivyo, wanamfuata Roald Amundsen. Huyu aliazima Fram mwaka 1910 akisema anakwenda kaskazini. Walipofika Madeira ndipo akawaambia mabaharia wake kwamba safari ni ya kusini. Nansen mwenyewe hakuwa na habari. Sitahani kulikuwa na mbwa 97 waliovuka tropiki kwenye jua kali, na walipofika Antaktika walikuwa 116 kwa kuzaana. Tarehe 14 Desemba 1911 watu watano walisimama Ncha ya Kusini, mwezi mmoja na zaidi kabla ya Scott wa Uingereza. Katika mbwa 52 walioanza nao safari ya nchani, 11 tu ndio waliorudi. Wengi walichinjwa kwa mpango, wakaliwa na watu na mbwa wenzao. Mgeni asiyeijua hesabu hiyo ameuona ushindi nusu.

Ujuzi wa mbwa na mavazi ya ngozi Amundsen hakuzaliwa nao. Pembeni, kwenye jengo lake, ipo Gjøa, jahazi dogo alilopitia njia ya bahari ya kaskazini mwa Kanada kati ya 1903 na 1906. Alitia nanga huko karibu miaka miwili, akafundishwa na Wainuit.

Jina la Nansen limefika mpaka kwetu. Tangu mwaka 1975 Norway na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, wanaendesha meli ya utafiti wa samaki iitwayo Dr. Fridtjof Nansen. Ilipima samaki wa Kenya na Tanzania miaka ya mwanzo ya 1980, na mwaka 2018 meli ya tatu ya jina hilo ilirudi katika maji ya Tanzania.

Msomaji ukijaliwa kufika Oslo, tenga nusu siku. Ng'ambo ya barabara kuna makumbusho ya Kon-Tiki, chelezo cha Thor Heyerdahl, na Makumbusho ya Bahari ya Norway yako hapo hapo. Ukibanwa na muda, viache vyote, uende ngamani mwa Fram ukayatazame mataruma, zile mbavu za mwaloni.