Ramani za kompyuta nazo huzeeka

Anayetoka Nzega kwa gari akifika Tinde hana budi kuchagua. Akishika kulia anakwenda Shinyanga mjini na Mwanza. Akishika kushoto anaelekea Isaka, Kahama na nchi ya dhahabu hadi Geita. Ni njia panda ya siku nyingi, na hapo ndipo nilipowasikia wachimbaji wadogo wawili wakibishana juu ya mpaka wa viwanja vyao. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye namba za pembe za kiwanja chake. Ajabu ni kwamba inawezekana kabisa namba za wote wawili zikawa sahihi.

Yawezekanaje? Ramani zetu za zamani zilipimwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Vifaa vya GPS, kama havikuelekezwa vinginevyo, hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Namba zile zile zikisomwa kwa msingi usio wake, mahali panasogea kwa mita 300 hivi. Sasa piga hesabu. Leseni ndogo ya kuchimba dhahabu haizidi hekta 10, na kiwanja cha mraba cha hekta 10 kina upande wa mita 316. Maana yake kiwanja kizima kinahamia kwa jirani! Na jirani huyo ana sululu mkononi.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Watu wengi wanadhani ramani ikishaingia katika kompyuta imepona: haitaliwa na mchwa, haitalowa. La hasha. Chukua mfano wa aina moja ya faili za ramani iliyoenea tangu miaka ya 1990, iitwayo shapefile. Jina linaonyesha kitu kimoja, lakini kwa kweli ni mafaili kadhaa yanayokwenda pamoja. Moja lina michoro, jingine lina majina na takwimu, na moja dogo sana linataja msingi wa vipimo. Hilo dogo likisahauliwa wakati wa kunakili, ramani inafunguka vizuri tu, ina rangi zake zote, wala haikuambii kwamba imepotea. Karatasi iliyoliwa na mchwa angalau unaiona tundu.

Halafu kuna uzee wa vyombo. Nani leo ana kompyuta ya kusoma flopi? Waingereza walionja uchungu huo. Mwaka 1986 BBC ilikusanya picha, ramani na maelezo ya nchi nzima katika diski maalumu, kuadhimisha miaka 900 ya daftari la Domesday la mwaka 1086. Haikupita hata miaka 20, mashine za kusoma diski zile zikawa adimu, ikabidi wataalamu wahangaike kuziokoa. Daftari lenyewe la karne ya 11 bado linasomeka.

Kwetu huku mambo yanaongezwa ugumu na mipaka ya utawala. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012, na Bukombe ikatoka Shinyanga ikaingia huko. Anayetafuta takwimu za Bukombe za sensa ya 1988 au 2002 atazikuta chini ya jina la Shinyanga. Kama ramani haikuandikwa mwaka, kijana wa kesho atalinganisha Shinyanga mbili tofauti, aseme watu wamehama.

Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ya 1960, na uchimbaji mkubwa ukarudi mwaka 2000. Michoro ya wazee wale ilikuwa ya karatasi. Je, michoro ya leo, iliyo ndani ya kompyuta za makampuni na za miradi, itasomeka baada ya miaka 40, wakati mtu atakapotaka kujua shimo la zamani lilipita wapi chini ya nyumba yake?

Dawa si ghali. Kwanza, kila ramani iandikwe msingi wake wa vipimo, mwaka na aliyepima. Pili, nakala zisikae jengo moja. Moja ikae mji mwingine kabisa. Tatu, zihamishwe kwenye vyombo vipya kila baada ya miaka michache, kabla vya zamani havijafa, na kazi hiyo iwe na mwenyewe na fungu lake katika bajeti. Mradi ukifungwa na mtaalamu akaondoka na flashi yake mfukoni, hakuna ofisi itakayoulizwa. Hilo mimi naliona baya kuliko mchwa wote wa Usukuma.

Kwa mchimbaji mdogo ni rahisi zaidi: pembe nne, mistari minne ya namba, neno Arc 1960 au WGS 84, na tarehe. Nakala moja nyumbani, moja ofisi ya kijiji. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya bikoni zenyewe na wanaozing'oa usiku.