Jiko la Kampala Lianze na Matoke

Ernst May, msanifu majengo Mjerumani, ndiye aliyechora mpango wa kuipanua Kampala kuelekea vilima vya Kololo na Naguru kati ya mwaka 1945 na 1947. Jengo la Makumbusho ya Uganda, lililoko Barabara ya Kira, nalo ni kazi yake. Kabla ya kuhamia Afrika Mashariki mwaka 1934, May alikuwa amesimamia ujenzi wa nyumba za bei nafuu mjini Frankfurt, na katika mradi huo ndimo lilimozaliwa jiko la kisasa, lile la makabati yaliyojengewa ukutani.

Aliyelibuni, mwaka 1926, ni Margarete Schütte-Lihotzky kutoka Vienna. Lilikuwa dogo, upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, na nyumba zipatazo 10,000 ziliwekewa. Kabla ya kushika kalamu alichunguza mpishi anapiga hatua ngapi kutoka sinki hadi moto. Droo za unga zilitengenezwa kwa mbao za mwaloni kwa sababu tanini ya mti huo hufukuza wadudu, na makabati yakapakwa bluu kwa kuwa iliaminika nzi hawaipendi rangi hiyo. Hakuna mbao wala rangi iliyochaguliwa kwa ajili ya macho tu.

Hapo ndipo majiko mengi mapya ya Kampala yanapokosea. Mteja huenda kwa mafundi wa Nsambya akiwa na picha kwenye simu: makabati meupe yanayong'aa, kaunta ndefu, taa chini ya rafu. Jiko la pichani limejengwa kwa mpishi wa chakula kingine kabisa.

Matoke yana masharti yake. Humenywa mtu akiwa ameketi, na utomvu wake hugeuka doa jeusi mikononi, kwenye nguo na juu ya jiwe lolote linalofyonza. Kisha hufungwa kwa majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke kwa muda mrefu, pengine saa kadhaa, katika sufuria kubwa lisilotulia vizuri juu ya jiko dogo la gesi. Kwa hiyo mpango unaofaa huacha nafasi ya sakafu ya kuketi na kumenya, pahali pa ndoo ya maganda, na mlango wa kutokea uani ambako sigiri ya makaa itawekwa chini ya paa lililo wazi pande zote. Makaa hayafai kuwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hata siku ya mvua. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Madumu ya lita 20 nayo yatengewe mahali chini ya kaunta, maana maji ya bomba hukatika.

Baada ya hayo ndipo ije zamu ya kabati lenyewe, na adui wake mkuu ni mvuke. Ubao wa MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Unanyooka, unapakika rangi vizuri, na bei yake inavumilika, lakini ukinywa maji huvimba na haurudi tena. Maji hayaingilii usoni. Huingilia kingo, tundu za skrubu na sehemu iliyokatwa ili sinki likae. Fundi anayeacha kingo za nyuma wazi kwa sababu hazionekani amelipunguzia jiko hilo miaka mingi ya maisha. Ipo MDF inayostahimili unyevu, mara nyingi yenye rangi ya kijani ndani, na chini ya sinki haifai kuwekwa nyingine.

Milango iliyovalishwa karatasi ya plastiki hupendeza sana dukani, ila karibu na moto plastiki hiyo huachia na kujikunja. Formica, iliyobuniwa Marekani mwaka 1912, ni tabaka za karatasi zilizoloweshwa gundi ngumu na kukandamizwa kwa joto kali. Huvumilia mvuke na kusuguliwa kuliko rangi ya kupaka. Kwa kaunta, graniti nyeusi iliyozibwa vinyweleo huficha doa la matoke ambalo marumaru nyeupe hulionyesha daima.

Mbao nzima bado zinapatikana Ndeeba. Mvule hauogopi mchwa, lakini umekatwa mno na bei yake inalionyesha hilo. Musizi ni mwepesi na hukua haraka, ila lazima utiwe dawa. Mbao yoyote ile, ikipigwa vanishi kabla haijakauka sawasawa, itapinda na milango itagoma kufungwa.

Mtungi wa gesi ukikaa kabatini, kabati litobolewe matundu chini kabisa, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni.

Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, msomaji amwombe fundi kipande cha ubao atakaoutumia, kikiwa kimezibwa kingo kama kabati lenyewe litakavyozibwa. Apime unene wake, akiloweke kwenye ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi apime tena. Kikiwa kimevimba, atafute ubao mwingine au fundi mwingine.