Gari Lililojifunza Kutembea Juu ya Theluji

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wapumzike, niwasimulie habari za fundi wa kweli.

Kanada, katika jimbo la Quebec, kuna mji mdogo uitwao Valcourt. Zamani, baridi ilipoingia, theluji ilifunika mashamba na barabara, na huko vijijini hapakuwa na mashine ya kuiondoa. Mwenye gari aliliegesha miezi mizima. Watu walisafiri kwa sleji, yaani kitoroli kisicho na magurudumu kinachokokotwa na farasi.

Hapo Valcourt, mwaka 1907, alizaliwa Joseph-Armand Bombardier, mtoto wa kufungua mashine na kuzifunga tena. Baba yake akampa injini ya Ford iliyochakaa. Joseph-Armand akaifunga juu ya sleji, na nyuma yake akaweka pangaboi la mbao. Mwisho wa mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alitoka nayo barabarani, mdogo wake Léopold akiongoza kwa mbele. Injini ikanguruma, pangaboi likazunguka, sleji ikaenda bila farasi! Lakini baba alipoliona lile pangaboi likikata hewa bila kizuizi, moyo ulimlipuka. Aliwaamuru waivunje mashine siku ileile.

Kijana akavunja mashine, lakini nia hakuivunja. Mwaka 1926 alifungua gereji yake, akawa anatengeneza magari ya watu, na wakati wa baridi anajaribu magari ya theluji.

Sasa niwaulize: kwa nini gari huzama kwenye theluji? Kumbukeni lori likinasa topeni. Utingo hufanya nini? Hutafuta mbao akaziweka chini ya matairi. Siri yote iko kwenye zile mbao. Tuseme gari lina kilo 1,600. Tairi haligusi ardhi lote. Linagusa sehemu ndogo, kama kiganja cha mtu mzima na vidole vyake, sentimita za mraba 200 hivi. Matairi manne ni 800, basi kila sentimita ya mraba inabeba kilo 2. Theluji laini itaweza wapi?

Vueni magurudumu, mlivishe gari hilo mikanda miwili kama ya katapila, kila mmoja ukilala chini kwa upana wa sentimita 50 na urefu wa mita 2. Uzito ni uleule, lakini sasa umetandazwa juu ya sentimita za mraba 20,000. Kila moja inabeba gramu 80 tu. Mtu mzima aliyesimama kwa miguu miwili hukandamiza ardhi zaidi kuliko gari hilo!

Lakini theluji ina ujanja wake. Hujipenyeza kwenye meno ya gurudumu linalozungusha mkanda, ikashikana, ikawa barafu, na mkanda ukang'oka. Hapo ndipo Bombardier alipohangaika miaka kadhaa.

Kisha ikaja baridi ya mwaka 1934. Mwanawe Yvon, mtoto wa miaka 2, aliugua kidole tumbo. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, kama kilomita 50, na theluji ilikuwa imefunga njia. Baba alikuwa fundi, magari yamejaa gerejini, na hakuna hata moja la kumfikisha mwanawe kwa daktari. Yvon akafariki.

Bombardier akarudi kwenye kazi yake. Safari hii gurudumu la meno alilivika mpira, na mkanda akautengeneza kwa mpira, akaukatiza kwa vipande vya chuma kama ngazi. Jino linashika kipande, linasukuma, linaachia, kama gurudumu la baiskeli na mnyororo wake. Na kwa kuwa mpira hunepa, barafu haikupata pa kung'ang'ania, ilipukutika yenyewe. Mbele aliweka skii mbili, yaani vibao virefu vya kuteleza juu ya theluji, zinazogeuzwa kwa usukani.

Mwaka 1937 alipata hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mbunifu, kwa ubunifu huo. Gari lake akaliita B7: B ni jina lake, 7 ni idadi ya abiria. Baadaye likaja B12, la abiria 12. Madaktari walilipanda kuwafuata wagonjwa vijijini, barua zikafika, na watoto wakaenda shule. Mpaka leo, mafundi wa nchi za baridi huchukua gari kuukuu, wakalivua magurudumu na kulivisha mikanda, wakifuata njia hiyohiyo.

Bombardier alifariki mwaka 1964. Gereji yake ya kwanza imehifadhiwa kwenye makumbusho hapo Valcourt. Yvon hakulipanda gari lile, wajukuu zangu. Lakini kila daktari aliyelipanda usiku wa theluji akamkuta mtoto angali hai, alipita njia ambayo Yvon hakuipata.