Moto Uliounda Kondruli

Ukikata kipande chembamba cha Semarkona, kimondo kilichoanguka India mwaka 1940, hadubini itakuonyesha vijiduara vya madini vilivyosongamana, vingi visivyofika milimita 1 kwa upana. Hizo ndizo kondruli. Tangu Mwingereza Henry Clifton Sorby azichunguze katika karne ya 19, imefahamika kwamba zilikuwa matone ya mwamba ulioyeyuka. Ubishi umebaki juu ya moto wenyewe. Nashikilia kwamba ulikuwa wa ghafla, wa mahali mahali, na uliwaka zaidi ya mara moja.

Ushahidi wa kwanza ni kasi ya kupoa. Maabara zimeyeyusha unga wa madini yaleyale kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,500, na fuwele zikafanana na za kondruli pale joto liliposhuka kwa makumi hadi mamia ya nyuzi kila saa. Kama wingu zima la gesi na vumbi lililozunguka Jua changa lingechemka, lingechukua miaka mingi kupoa. Tone lililo peke yake katika utupu lingeganda kwa sekunde. Kwa hiyo matone yalipoa kwa makundi, yakipashana joto. Sodiamu, ambayo kwa kawaida hutoroka upesi kama mvuke, ilibaki hata ndani ya madini ya olivini yaliyotangulia kuganda, na hilo lawezekana tu penye msongamano mkubwa.

Wapo wasemao matone hayo yalirushwa na sayari changa zilizogongana. Kwa Gujba, kimondo kilichoanguka Nigeria mwaka 1984, nakubali: kondruli zake ziliganda takriban miaka milioni 5 baada ya yabisi za kwanza za Mfumo wa Jua, gesi ikiwa imekwisha kupungua. Lakini kondruli za kawaida zina umri mkubwa zaidi, na ndani ya nyingi mna punje zilizosalia kutoka kondruli za awali. Mgongano mmoja hauelezi kuyeyuka kwa kurudiarudia. Mawimbi ya mshtuko katika gesi yanaeleza vizuri zaidi, ingawa chanzo chake bado kinabishaniwa.

Tena moto huo haukufika kila mahali. Ivuna, kimondo kilichoanguka Tanganyika mwaka 1938, kimo katika jamii ya kondraiti, iliyopewa jina kwa kondruli, ilhali chenyewe hakina kondruli. Utasema maji yalizifuta, na kweli maji yalikibadilisha sana. Hata hivyo zinki yake, ambayo nayo hutoroka kama mvuke penye joto kali, ina uwiano uleule wa Jua, ilhali katika vimondo vilivyojaa kondruli zinki imepungua waziwazi.