Kideri hakina dawa

Swali analoulizwa daktari wa kuku kuliko yote ni hili: "Kideri kinatibiwa kwa dawa gani?" Mara nyingi muulizaji tayari ameshika kuku aliyepinda shingo, kinyesi cha kijani kimegandia kwenye manyoya ya nyuma. Jibu halijabadilika tangu ugonjwa huu ulipotambuliwa mwaka 1926, Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza: hakuna. Kideri, au mdondo kama wengine wanavyokiita, huletwa na virusi, na hakuna kitu dukani wala porini kinachoviua vikishaingia mwilini mwa kuku. Swali hili ni baya kwa sababu huja wakati kazi ya daktari imeshapita. Ndege ni kiumbe anayewindwa, hivyo huficha udhaifu wake mpaka nguvu zimwishie; siku unapomwona mmoja amejikunyata kwenye kona, wenzake wengi wamekwisha kuambukizwa.

Hata hivyo watu wanaendelea kutwanga shubiri, pilipili kichaa na majani ya mwarobaini, na wenye fedha kidogo hukoroga unga wa njano wa oksitetrasaiklini kwenye maji. Hoja yao ni moja: "Niliwapa, na wengine wakapona." Hoja hii inaaminika, kwa hiyo inastahili kujibiwa sawasawa. Karibu kila mlipuko huacha manusura. Kuku aliyenusurika mlipuko uliopita ana kinga yake, na kifaranga huzaliwa na kinga ya mama inayomlinda kwa wiki chache. Hao wangepona hata kwa maji matupu. Isitoshe, si kila kuku anayesinzia ana kideri. Homa ya matumbo na kipindupindu cha kuku huletwa na bakteria, na hapo antibaiotiki inaweza kusaidia kweli, kisha sifa ikapewa "dawa ya kideri". Daktari hapimi kwa macho ya mbali. Hupasua mzoga na kutazama ukuta wa tumbo lililo juu ya firigisi, ambako kideri kikali mara nyingi huacha vidoa vya damu, na hata akiviona bado huhitaji maabara kuthibitisha. Tena, mlipuko huisha wenyewe wakati hakuna kuku wa kuambukizwa aliyebaki, na dawa iliyotolewa siku hiyo ndiyo hutajwa kwa majirani. Anayetaka kuniaminisha shubiri yake anionyeshe kundi lililogawanywa nusu kwa nusu, nusu wakanyweshwa na nusu wakaachwa. Mfugaji hafanyi hivyo, na simlaumu, lakini bila ulinganisho huo hana ushahidi.

Wapo wanaosema kujaribu hakudhuru. Kunadhuru. Antibaiotiki inayotolewa ovyo hubaki kwenye mayai na nyama tunayolisha watoto, na huzoesha bakteria dawa ambazo tutazihitaji kesho. Shubiri yenyewe haina madhara makubwa hivyo, ila inakula siku ambazo kuku wazima walipaswa kutengwa, huku wagonjwa wakipakiwa kwenye matenga na kukimbizwa mnadani "kabla hawajafa". Hivyo ndivyo kideri kinavyohama kutoka kijiji hadi kijiji.

Pingamizi zito zaidi ni la mfugaji aliyechanja na bado akapoteza kuku. Nalichukua kwa uzito, lakini ukimhoji utakuta alichanja ugonjwa ukiwa tayari bandani, ilhali kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Au alichanganya chanjo hai na maji ya bomba yenye klorini, akaiua kabla haijafika kwa kuku. Au alichanja mara moja akadhani amemaliza. Kwa wasio na jokofu ipo chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Peter Spradbrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na inayotengenezwa hapa Tanzania na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ingawa jua kali huiharibu.

Basi fanyeni hivi. Chanjeni kuku wakiwa wazima: tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, pamoja na vifaranga. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo chanjeni kwa pamoja na majirani na muimalize siku hiyo hiyo. Kuku mgeni atengwe wiki mbili. Ugonjwa ukishaingia, watengeni wazima, fukieni au chomeni mizoga, msiuze wala msigawe hata mmoja, osheni mikono na viatu, na mpelekeeni afisa mifugo mzoga ambao haujaoza. Na mkimpigia simu daktari, msimwulize dawa ya kideri; mwulizeni siku ya chanjo ijayo.