Konvata ya Sola Ikikataa Kuwaka, Huenda Haijaungua

Stima inapopotea Keroka au Nyansiongo, ibada, mazishi na mikutano ya hadhara inaweza kuendelea kwa amplifaya ya volti 12. Pale ambapo betri za sola ni za volti 24, fundi huweka konvata katikati, yaani kifaa kidogo kinachoteremsha volti kwa kukata na kuachilia umeme maelfu ya mara kwa sekunde.

Taabu huanza mwenye amplifaya anapotaka besi nzito na kununua kapasita kubwa, ile ya mtungi inayouzwa na redio za magari. Ikishafungwa, taa ya konvata humweka, huzima, kisha humweka tena, na amplifaya haiwaki. Konvata ikipimwa peke yake inatoa volti 12 sawasawa. Mwenye mali huambiwa imeungua, ananunua nyingine, na ile mpya nayo inafanya vivyo hivyo.

Kiini ni kapasita. Ikiwa tupu haina volti yoyote, kwa hiyo wakati wa kuwasha konvata haiwezi kuitofautisha na nyaya mbili zilizogusana. Inachoona ni shoti. Ili kujikinga, hukata umeme, hungoja kidogo, kisha hujaribu upya. Ndiyo maana taa humweka.

Hesabu yake si ngumu. Kujaza kapasita ya faradi 1 hadi volti 12 kunahitaji ampea 10 kwa sekunde 1.2 mfululizo. Konvata nyingi hutengenezwa ziinue volti polepole, lakini polepole hiyo ni milisekunde chache tu. Kapasita ya kawaida ya mikrofaradi 1,000 hujaa kwa ampea hizo hizo katika milisekunde 1.2, na konvata haishtuki. Ile ya mtungi ni kubwa mara elfu moja.

Tatizo huzidi amplifaya ikiwa imeachwa wazi. Kila jaribio la konvata huongeza chaji kidogo, nayo amplifaya huinywa kabla ya jaribio linalofuata. Dalili nzuri ya kuangalia ni hii: mfumo unakataa asubuhi, lakini ukizimwa na kuwashwa mara moja baada ya kufanya kazi, unakubali. Kapasita bado ilikuwa na chaji, basi kosa haliko kwenye konvata.

Wapo wanaotatua jambo hili kwa kuondoa fyuzi na kuweka kipande cha waya. Haisaidii, kwa sababu anayekata ni konvata yenyewe, na siku shoti ya kweli itakapotokea hakutakuwa na kitu cha kuzuia nyaya zisishike moto. Mara nyingi dawa rahisi ni kuiondoa kapasita hiyo, maana besi hudhoofika zaidi kwa sababu ya nyaya nyembamba na betri chovu. Anayetaka ibaki aijaze kwanza kupitia rezista, amplifaya ikiwa imezimwa. Rezista ya omu 10 na wati 25 huzuia mkondo usizidi ampea 1.2, na kapasita hukaribia kujaa baada ya sekunde 50. Hapo ndipo rezista hurukwa kwa swichi na amplifaya kuwashwa.

Kapasita iliyojaa hubaki na chaji hata mfumo ukizimwa, na ikiguswa kwa spana hutoa cheche kali inayoweza kuchoma mkono. Imwagwe kupitia rezista ile ile kabla ya kufunguliwa.

Mafundi wa sola nchini Kenya hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mkazi ana haki ya kuomba kuiona leseni kabla betri hazijaguswa, na vilevile kumwomba fundi apime konvata bila kapasita mbele yake kabla ya kukubali kununua nyingine.